Ndara ya Kushoto ya Ireri

Ireri, ndugu yangu,

Kesho asubuhi nataka kuikata ndara yako ya kushoto, na sijui nimwombe nani ruhusa kama si wewe. Nimekaa kwenye meza yetu, jua bado limo dirishani, ndara iko kando ya karatasi. Ni kitu chako pekee nilichobaki nacho. Vingine vyote polisi walivichukua siku ile, hata msumeno wako wa chuma, hata kofia. Ndara waliiacha chini ya kitanda kwa sababu ilikuwa moja, na nani ana haja na ndara moja?

Pampu yako imekufa. Mpira wa vali yake, ule uliokatwa kwenye ndara yako ya kulia, umekwisha, umekuwa kama ngozi ya mzee. Kama hatupati mpira mwingine wa unene ule ule, maji hayapandi tena, somo lako linafungwa kabisa, na Mkuu wa shule ataandika kwa wakubwa wake kwamba mambo ya mekanika yalijaribiwa yakashindikana. Ndipo nilipo. Mwalimu wa hesabu ambaye hakutaka kamwe kuchafua mikono, leo anaomba ruhusa ya maiti ili akate kiatu. Cheka tu. Ungekuwa hapa ungecheka mpaka ukae chini.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho sisi wawili. Kimeru changu cha Kianjai ulisema kinasikika kama mtu anatafuna miraa na kuomba wakati mmoja. Kimbeere chako nilikuwa nikikielewa nusu, na nusu nyingine nilikuwa nikijifanya. Usiku wa kwanza uliponiuliza kama nina maji ya kunywa nikakuletea kuni. Tukakubaliana kwamba nyumba hii ya walimu itazungumza Kiswahili cha shule, kibaya kwa usawa kwetu sote.

Unakumbuka ulivyofika? Gunia begani, ndani yake spana, nyundo, na roda mbili za mti ambazo baba yako hupandishia mizinga ya nyuki huko kwenu karibu na Gachoka. Mkuu alikuonyesha darasa la fizikia, ubao mpya na sanduku la chaki, akasimama akingoja ushukuru. Wewe ukauliza jiliwa la kubania vyuma liko wapi. Hakukuwa na jiliwa. Nilikuwa mlangoni, nikajiambia huyu Mmbeere hatamaliza muhula.

Kisha ukawatoa wanafunzi nje. Ukafunga mzinga mtupu kwenye tawi la mti wa muringa, ukaujaza mawe, ukamwambia Mutwiri, yule fahali wa darasa, auvute juu kwa kamba tupu. Akauvuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Halafu ukafunga kamba kwenye roda mbili, ukamwita Kirimi, mwembamba kuliko wote, na mzinga ukapanda. Hawakupiga makofi. Mutwiri akaomba kujaribu tena, mara hii kwa roda. Ubaoni hukuandika kitu hadi siku iliyofuata. Mkono kwanza, ubao baadaye, ulikuwa ukisema, na mimi nilikuwa nikikujibu kwamba mkono haujawahi kufaulu mtihani wowote.

Sasa nalisema neno hilo mimi. Limenitoka wiki iliyopita mbele ya darasa, na wote wakainua vichwa kunitazama, nami nikageuka ubaoni nikajifanya natafuta chaki.

Tangu uondoke kijiji hakijabadilika sana. Handaki linalokizunguka limeongezwa kina, na ile miti iliyochongwa ncha wamezidi kuisimika ndani yake. Mnara wa walinzi una paa jipya la mabati. Bado watu waliohamishiwa humo kwa amri wamebanana, ukoo juu ya ukoo, na bado akina mama hawaendi mtoni ila asubuhi, kundi moja, homugadi, wale walinzi wa serikali, mbele na nyuma, kwa sababu mto uko ukingoni mwa msitu wanamojificha wapiganaji. Ukichelewa kujaza debe lako siku hiyo, unakaa na kiu hadi kesho. Hicho ndicho kilichokukera. Ulitoka katika nchi isiyo na mito, ukaja kwetu Meru ambako maji yanapiga kelele bondeni usiku kucha, ukakuta watu wanakaa juu yake na midomo imekauka. Ulisema hiyo si shida ya serikali wala ya msitu, ni shida ya urefu wa mlima, na urefu wa mlima ni somo la kidato cha tatu. Nilifikiri unatania.

Nikaona wewe na wanafunzi mkianza kuijenga pampu. Paipu kutoka kile kiwanda cha mbao kilichofungwa. Boliti kutoka kwenye mlango wa ghala. Ukawaeleza jinsi maji yanavyoshuka kwenye paipu kwa kasi, vali inajifunga kwa ghafla, maji yanakosa pa kwenda, na kwa hasira hiyo machache yanajirusha juu hadi kilimani, bila mafuta, bila injini. Maji mengi yanashuka ili machache yapande, ulisema. Wanafunzi waliandika. Mimi niliuliza ni hasara kiasi gani, ukanipa penseli ukaniambia hesabu ni kazi yangu. Nilikaa nikapiga hesabu ile hadi chakula kikapoa. Ilikuwa sawa. Nilikasirika kwamba ilikuwa sawa.

Debe mlilotumia mara ya kwanza kuhifadhi hewa ya pampu lilipasuka, likamlowesha Mkuu kuanzia kola hadi soksi. Ukamshukuru kwa kushiriki. Hata yeye alicheka, na si mtu wa kucheka.

Lakini kila mtu Meru nzima alijua kitu kingine kinachotengenezwa kwa paipu, boliti na mpira. Wale wapiganaji wa msituni walikuwa wakitengeneza bunduki zao kwa vitu hivyo hivyo. Mtu alikuwa akikutwa na komeo la mlango mfukoni anachukuliwa. Mimi nilikwambia. Mkuu alikwambia. Ukaenda mwenyewe kwa Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, na michoro yako, ukarudi na kibali, ukakibandika ukutani juu ya kitanda chako pale watu wengine wanapoweka picha ya Yesu. Na M'Itonga, mkuu wa homugadi wa kijiji, akapewa amri ya kuja kukagua kila kipande. Akawa anakuja kila jioni. Mwanzoni alisimama na bunduki. Baadaye alikuwa anachuchumaa. Mwanawe Kirimi ndiye aliyekuwa na mkono mzuri wa kisu kuliko wote, na baba alikuwa akimtazama akikata, uso ukiwa umelainika, akijisahau kidogo.

Tyubu za baiskeli za kukatia mpira wa vali hazikupatikana kwa sababu hiyo hiyo. Ndipo ukavua ndara yako ya kulia, ndara nzuri ya mpira wa gari, ukamkabidhi Kirimi. Nikakuuliza utavaa nini. Ukasema, "Mimi nina miguu miwili, pampu haina hata mmoja." Ukaanza kuvaa raba zangu kuukuu ambazo zilikubana. Ulikuwa umezivaa siku ile.

Siku ya kuanza, Kirimi alibonyeza vali kwa kiganja kama ulivyomfundisha. Ikafa. Akabonyeza, ikafa. Akabonyeza tena na ikashika yenyewe: tak, tak, tak, kama mtu anayetembea bila haraka. Tukapanda mlima mbio kama watoto. Kwenye tangi karibu na lango la kijiji paipu ilikohoa, ikatema matope, halafu maji. Akina mama wakapiga vigelegele. M'Itonga akavua kofia yake akakinga maji, akanywa wa kwanza, kofia nzima, maji yakimchuruzika kifuani. Halafu akakuambia kwa Kimeru jambo ambalo hukulielewa, nami nikakataa kukutafsiria kwa sababu ungevimba kichwa. Alisema, "Huyu amezaliwa kwa watu wasio na maji ndiyo maana anayaheshimu."

Sasa nimekutafsiria. Vimba upendavyo.

Ireri, lazima niiandike na ile asubuhi. Sitaki, lakini hakuna mtu mwingine aliyekueleza jinsi ilivyokuwa, na labda hujui.

Ulikuwa umesikia usiku kwamba mdundo unaruka. Ulikuwa unaisikia pampu hata ukiwa usingizini, kama mama na mtoto. Kulipopambazuka na kafyu kuisha ulichukua kipande cha paipu begani ukashuka. Nilikuwa nakoroga uji. Uliniambia niuache juu ya jiko, na hayo ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu, uji. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. M'Itonga na wenzake walikuwa wanatoka doria ya usiku upande wa msitu, na walikuwa wameambiwa kuna watu wamevuka. Akaona mtu ameinama kando ya mto. Akaita. Lakini wewe ulikuwa umeweka sikio karibu na vali, na mto ulikuwa umejaa, na pampu ilikuwa inagonga. Hukusikia. Akaita tena. Ukainuka na paipu begani, naye akapiga risasi.

Hiyo ndiyo habari yote. Hakuna mtu aliyekuonea, hakuna aliyekuchongea. Nilitaka sana awepo mtu wa kukuchongea ili nimchukie vizuri. Kilichokuua ni paipu begani, na sauti ya kitu ulichokitengeneza mwenyewe iliyofunika sauti ya mtu aliyekunywa maji yako.

Lori la polisi lilikuja kabla sijafika mtoni. Nilikuona miguu tu, na raba zangu. Wakasema maiti inakwenda kuangaliwa na daktari, tutaarifiwa. Hatujaarifiwa. Mkuu ameuliza Embu, ameuliza Meru, na kila ofisi inasema ni ile nyingine. Sijui walikulaza wapi. Kwa hiyo barua hii haina pa kwenda, na bado naiandika.

Ninachotaka kukueleza ni kuhusu mdundo.

Mkuu alifunga somo na kukataza mtu yeyote kuikaribia pampu. Lakini wewe ulitengeneza kitu kisichohitaji mtu. Ulikufa na pampu ikaendelea. Siku ile nzima, tak, tak, tak, na usiku wake, na kesho yake. Maji yalijaa tangini yakamwagika, na hakuna mwanamke aliyekwenda kuyachota. Walisema ni wewe unatembea huko chini unatafuta mahali pa kulala, kwa kuwa hukuzikwa na watu wako. Wazee walisema zamani nyumba aliyofia mtu iliachwa iporomoke yenyewe, na hiyo pampu ingeachwa vivyo hivyo. Wale vijana wa mnarani walikuwa wanaimba tenzi usiku ili wasiisikie. Na mimi, mtu wa hesabu, Mkristo, mtu niliyewacheka wote hao, nilikuwa nainuka kitandani kwenda kukufungulia mlango. Mdundo ule ukisikika kwa mbali, upepo ukitoka bondeni, ni wewe kabisa unapanda njia na ndara zako. Nimefungua mlango huo mara nyingi, Ireri. Nimesimama hapo na taa mkononi, baridi inaingia, na njia iko tupu.

Mwezi uliofuata nikapata pasi ya kwenda kwenu. Nilimkuta baba yako chini ya mizinga yake, anafukiza moshi. Alikuwa ameshapata habari. Aliniketisha, akanipa uji wa mtama, akaniuliza mambo madogo: ulikuwa unakula nini, ulikuwa bado unakoroma. Halafu akauliza kama maji yako bado yanapanda. Nikasema yanapanda. Kisha akasema kwa Kiswahili ili nisikose hata neno:

"Hiyo maji isisimame. Na yule alimwaga damu, yeye na nyumba yake wasiionje mpaka aje hapa, tuongee, tuchinje. Akiionja kabla ya hiyo, si mimi nitamdhuru. Ni maji."

Unayajua hayo kuliko mimi. Kwetu pia ni hivyo: damu ikimwagika, watu wa pande hizo mbili hawagawani maji wala moto mpaka wazee wakae. Lakini wazee watakaa vipi wakati huu? Mkutano wa watu wachache tu unahitaji kibali. M'Itonga hawezi kuondoka kituo chake, na baba yako hawezi kuvuka kuja huku. Suluhu yenyewe imewekewa kafyu.

Niliporudi nikakuta sikuhitaji kumpelekea M'Itonga ujumbe. Kiu ilikuwa imewarudisha wengi tangini, lakini mkewe alikuwa anashuka mtoni na kundi dogo la wenye woga, debe mgongoni, wakati tangi liko hatua chache kutoka mlangoni kwake. Kirimi alikuwa ameacha kuja shule. Nilifurahi. Nakuambia ukweli, nilimwona yule mama anapanda mlima ameinama na nikafurahi.

Kisha mdundo ukaanza kuruka. Siku nyingine ulikuwa unakufa kabisa, tunapata pumzi, halafu asubuhi unaanza tena. Hapo hata Mkuu aligeuka rangi. Pampu haijianzishi yenyewe, mimi na yeye tulijua, lazima mkono uibonyeze. Na watu wote walikatazwa. Nikasema basi, kama ni wewe, nitakukuta, na nitakugombeza kwa kuniacha na uji wa watu wawili. Kulipopambazuka nikashuka.

Kulikuwa na mtu amepiga magoti juu ya jiwe lako. Ukungu ulimfunika mabega, nikaona kiganja tu, kinabonyeza, kinaachia, kinabonyeza. Nikaita jina lako. Nililiita kwa sauti, Ireri, na nikasikia sauti yangu ikipotea ndani ya mto kama ya M'Itonga ilivyopotea.

Mtu akageuka. Bunduki yake ilikuwa imelazwa mbali, kwenye majani, mahali ambapo mkono hauwezi kuifikia.

"Ni mimi tu, mwalimu," M'Itonga akasema. "Kirimi alinionyesha. Ikinyamaza, nasikia nilivyomwita. Ikigonga, sisikii."

Nilitaka kumsukuma majini. Nilikuwa na nguvu hizo, najua nilikuwa nazo. Badala yake nikakaa kwenye jiwe la pili, lile nililokuwa nikilikalia nikikutania, tukaisikiliza ikigonga, mimi na yeye, hakuna aliyemtazama mwenzake. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Maji yalikuwa yanapita kati ya magoti yake na hakuyagusa ila kwa kile kiganja.

Tangu siku hiyo hata akina mama wenye woga walianza kurudi tangini, mmoja mmoja, ila mke wa M'Itonga. Niliwaambia kwamba ni mkono wa mtu, sikuwaambia wa nani. Wakaamua ni wangu. Nikawaacha.

Na wiki mbili hizi mpira umekwisha. Kiganja cha M'Itonga hakisaidii tena. Kimya kimeshuka bondeni, na nilifikiri kimya kitanipa usingizi. Hakuna usingizi. Nakaa nasubiri hatua ambazo haziji. Nikaenda kwa Mkuu nikamwambia afungue somo. Wanafunzi wana mtihani, na watajifunza vali kwa kuitengeneza vali. Alinitazama sana. Akauliza nani atafundisha. Nikamwonyesha mikono yangu, kama mjinga. Akakubali, kwa sharti homugadi wasimame juu ya ukingo.

Kwa hiyo ni kesho. Jua limeondoka dirishani. Hii ndara imelika upande wa nje wa kisigino, kama ulivyokuwa ukitembea, ukijipinda kidogo kama mtu anayebeba kitu upande mmoja. Nimetia kidole katika alama ya kidole chako gumba. Sijui nitaweza.

*

Imeisha, Ireri. Narudi kukueleza, nina matope hadi kwenye magoti na sijanawa.

Tulishuka wote. Kirimi alikuja. Nilikwenda kumchukua mwenyewe nyumbani kwao, nikasimama mlangoni bila kuingia, nikamwambia mwalimu wake ameacha kazi haijakwisha. Mama yake alimpa sweta. Njiani wenzake walimwachia nafasi kubwa mbele na nyuma. M'Itonga alikuwa juu ya ukingo na bunduki yake, kama ilivyoamriwa.

Tulifungua nati. Nikawaeleza mgandamizo nikaueleza vibaya, Mutwiri akanisahihisha, nikamwambia asante, na yeye akashtuka kuliko mimi. Tukautoa mpira wa zamani. Halafu nikaitoa ndara kwenye karatasi nikaiweka juu ya jiwe.

Wote waliijua. Nilichora duara kwa chaki, nikashika kisu, nikakata nje ya mstari. Nikakitoa kisu. Nikajua kipande kikiharibika hakuna kingine duniani. Nikamnyooshea Kirimi kisu.

"Mwalimu," Mutwiri akasema, "huyo akiishika hiyo kitu, mimi natoka."

Nilikuwa na majibu mengi ya kimwalimu. Niliyasahau. Nilimwambia, "Ireri alimpa ya kulia kwa mkono wake mwenyewe. Mimi ni nani nimnyime ya kushoto?"

Kirimi hakukipokea kisu. Alitazama juu kwa baba yake. Nikatazama pia. M'Itonga alikuwa amevua kofia. Alisimama hivyo kidogo, kisha akatupa mgongo akaukabili msitu, ili mwanawe akate bila kutazamwa. Ndipo Kirimi akakipokea. Alikata polepole, ulimi katikati ya meno, kama ulivyokuwa ukimtania, na machozi yalimwanguka juu ya mpira akawa anayafuta kwa kiwiko ili aone mstari. Duara likatoka safi. Kipande cha kisigino kilichobaki alinipa mimi, kiko hapa mezani.

Mutwiri hakuondoka. Alichuchumaa akaishika spana na kubana boliti. Walifanya kazi vichwa vikiwa karibu kugusana na hawakusemezana. Sikutaka zaidi ya hapo.

Kirimi akabonyeza. Ikafa. Akabonyeza, ikafa. Akabonyeza, na ikashika.

Si mdundo ule wa zamani. Huu ni mzito kidogo na unaburura, una mguu mmoja unaoegemea. Nilisimama pale bondeni, mchana, jua kichwani, na nikakujua. Wanafunzi walikuwa wananitazama. Nililia mbele yao, na sikugeuka kutafuta chaki.

Tulipopanda, tangi lilikuwa limeanza kukohoa. Wote wakakinga mikono wakanywa. Kirimi alikaa mbali. Jasho lilikuwa linamtiririka, midomo imekauka, na hakuna aliyemkataza. Aliyatazama maji aliyoyapandisha mwenyewe, halafu akainuka akashuka tena mtoni, akanywa kwa kiganja mahali maji hayajafika kwenye pampu. Mutwiri alimfuata kwa macho hadi akapotea. Halafu akamwaga yaliyobaki mkononi mwake.

Sina furaha tena na mama yule na debe lake. Imeondoka, sijui ilikwenda wapi. Sisemi nimesamehe, baba yako ndiye mwenye neno hilo, na wewe. Lakini nakuahidi jambo hili. Siku barabara zitakapofunguliwa nitamchukua M'Itonga na mwanawe, na mbuzi, na wazee wetu, nitawaleta Gachoka hadi chini ya mizinga ya baba yako. Nitabeba maji ya tangi hilo kwenye kibuyu. Watakapomaliza kuzungumza nitamimina mimi, na wa kwanza kunywa awe Kirimi. Na nitaendelea kuuliza kila ofisi walikulaza wapi, hadi wachoke na sura yangu. Wajua mimi ni mtu wa kuchosha.

Darasa nitalishika. Mkono kwanza.

Kwaheri, Ireri. Lala, popote walipokuweka. Giza limeingia na upepo umegeuka, unatoka bondeni, nawe unapanda njia na ndara yako moja. Leo sitainuka kufungua mlango. Najua uko kazini.

Ni mimi ndugu yako,
Kaberia